Nyumba za Kiambu Ziwe za Kupangisha Pia

Mwalimu au mtumishi wa umma anayepokea mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 600 za ushuru wa nyumba, na mwajiri wake huongeza 600 nyingine. Ndivyo iagizavyo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa sahihi Machi 2024, baada ya Mahakama Kuu kuubatilisha ushuru wa awali Novemba 2023. Hatuna nia ya kuifufua kesi hiyo. Lililo mbele ya wananchi sasa ni nyumba zipi zijengwe kwa fedha hizo, wapi, na kwa ajili ya nani.

Katika Kaunti ya Kiambu swali hili ni zito. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,623,282 katika kaunti hiyo. Ile ya 2019 ikahesabu 2,417,735. Mji wa Ruiru ulitoka watu 238,858 hadi 490,120 katika miaka hiyo kumi. Upanuzi wa barabara ya Thika, uliozinduliwa rasmi 2012, uliifanya Ruiru na Juja kuwa malazi ya Nairobi. Mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, na mwenye ploti akapandisha ghorofa tano au sita, zimebanana hata mkono wafika dirisha la jirani. Mfereji wa maji taka haukumfuata. Hatumlaumu sana mtu huyo. Ndiye aliyewapa wafanyakazi mahali pa kulala wakati wenye dhamana walipokuwa wakitoa hotuba. Itakumbukwa kuwa mwaka 2017 taifa liliahidiwa nyumba 500,000 kufikia 2022, na zilizokamilika zilikuwa sehemu ndogo mno.

Sheria imegawa nyumba kwa kipato: za kijamii kwa wenye mapato yasiyofika shilingi 20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu kwa wanaopata kati ya 20,000 na 149,000. Mgawanyo huo ni wa haki. Hata hivyo, mkazo mkubwa umewekwa katika kuuza, na hapo ndipo tunapotofautiana na wapangaji wa mradi. Wakazi wengi wa miji yetu ni wapangaji, na si kwa umaskini pekee. Mwalimu aliyepangiwa kazi Juja leo aweza kuhamishiwa kaunti nyingine mwakani; vivyo hivyo askari polisi na karani wa serikali. Kumwuzia mtu huyo nyumba ya kulipia kwa miaka mingi ni kumfunga mguu. Anachohitaji ni chumba safi, chenye maji, kwa kodi isiyopandishwa kila Januari.

Watasema kwamba nyumba za umma za kupangisha huchakaa. Ni kweli, na mtaa wa Kaloleni jijini Nairobi, uliojengwa katika miaka ya 1940, ni ushahidi tosha. Lakini nyumba hizo zimelea vizazi vya wafanyakazi. Hazikuharibiwa na kupangishwa. Ziliharibiwa na kukusanya kodi bila kupiga rangi wala kuziba bomba.

Serikali ya kaunti nayo haiwezi kukaa kando na kuiachia Serikali Kuu mzigo wote. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti kazi ya mipango na nyumba. Kifungu cha 209 kinaipa uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Na iutumie uwezo huo kuwatoza zaidi walanguzi wanaoshikilia ardhi tupu kandokando ya barabara wakingoja bei ipande, na mapato hayo yachimbe mifereji ya maji taka Ruiru na Thika.

Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu nayo ichapishe kila robo mwaka, kaunti kwa kaunti, fedha zilizokatwa, nyumba zilizokamilika, na idadi ya zile zilizotengwa kwa wapangaji.