BARAZANI: Juu ya Kucheka Matamshi ya Wenzetu

Mwezi huu nina neno la kuungama kabla hatujaanza mazungumzo yetu. Katika mkutano wa jamaa hapa kwetu, mama mmoja alipewa kitabu asome. Mama huyu ni mzaliwa wa Ukikuyu, ameolewa huku pwani, naye husoma vizuri kuliko wengi wetu. Alipofika mahali palipoandikwa ya kwamba watu waliketi kula, alitamka "kura". Vijana walioketi nyuma wakaangua kicheko. Mimi nami, mtu mzima mwenye mvi, nalifunika kinywa kwa mkono wa kanzu, nikidhani haniona. Kumbe aliniona. Akamaliza sura yake, akafunga kitabu, akaketi. Tangu siku ile kila aombwapo kusoma husema macho yamuuma.

Basi yafaa tuulize: alikosa nini?

Masikio ya mtoto huzoea sauti za nyumbani kwao, na ulimi hufuata masikio. Lugha ya Kikikuyu ina r, walakini haina l. Majirani zao Wakamba wana l, na r hawana, ingawa lugha hizi mbili ni ndugu kabisa. Kwa hiyo Mkikuyu aliyejifunza Kiswahili ukubwani huweza kusema "karamu" naye ataka kalamu, na Mkamba akasema "kalamu" hali amealikwa karamuni. Wala si uvivu. Sauti mbili ambazo sikio halikuzipambanua tangu utoto husikika kama moja, na ulimi hauwezi kutenga lisilotengwa na sikio. Nani wetu, sisi wa pwani, awezaye kusema Kikikuyu huko Nyeri asichekwe? Mimi nalijaribu, nikayaona.

Labda mtu atasema, "Huyo ni wa bara, sisi wenye lugha twasema sawasawa." Je, ni kweli? Na niwasimulie habari ya nyumba yangu. Mimi ni mtu wa Unguja, na mke wangu ni wa Mvita. Miaka mingi imepita tangu mkwe wangu alipokuja kutuzuru. Jioni moja aliketi uani akisimulia hadithi za sungura, akamwita mjukuu wake, "Ndoo, uteke!" Mtoto akaenda mbio jikoni, akarudi na ndoo mkononi, akauliza, "Bibi, nikateke kisimani au mferejini?" Kumbe bibi amesema, Njoo, ucheke. Maana sisi tusemapo njoo, njia na njaa, watu wa Mvita husema ndoo, ndia na ndaa. Na mahali pengi penye ch yetu, wao wana t: mchele ni mtele, macho ni mato, kucheka ni kuteka.

Nikamwambia mkwe wangu, kwa kujiona mjuzi, ya kuwa usemi wao wachanganya kucheka na kuteka maji. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, masikio yenu ndiyo mazito." Akanionyesha: katika kuteka maji ncha ya ulimi hugusa ufizi, katika kule kucheka ncha hugusa meno. Kwake yalikuwa maneno mawili mbalimbali, nami nasikia moja tu! Kisha akanitajia kaa na kaa. Kaa wa pwani hutamkwa kwa pumzi baada ya k, na kaa la moto halina pumzi hiyo. Na vivyo hivyo paa wa mwituni na paa la nyumba. Herufi za vitabu vyetu hazionyeshi tofauti hizi hata kidogo. Ilinipasa kuikumbuka jioni ile nilipofunika kinywa mkutanoni, sikuikumbuka.

Tena usemi wa Mvita si usemi wa juzi. Muyaka bin Haji, aliyekufa karibu na mwaka 1840, aliutumia katika mashairi yake, na mwaka 1940 yalipigwa chapa kuwa kitabu. Krapf alifika Mvita mwaka 1844, akaanza huko kazi ya kutafsiri; Steere alifika Unguja mwaka 1864, akaufuata usemi wa Unguja. Hata Biblia nzima ikatoka kwa Kiunguja mwaka 1891, na nyingine kwa Kimvita mwaka 1914. Pwani moja, lugha moja, Biblia mbili! Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe ukakichagua Kiunguja kiwe msingi wa vitabu vya shule, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha enea bara pamoja na misafara ya biashara, hata Tabora na Ujiji. Biblia ya pamoja ikatoka mwaka 1952. Wako watu wa Mvita walioona uchungu kwa uchaguzi ule, wala siwalaumu. Walakini uliochaguliwa ulikuwa usemi wa kuandikia vitabu. Kinywa cha mtu hakikuhukumiwa siku ile.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Mtajua ya kuwa Petro, katika ua wa Kuhani Mkuu, alitambulikana kwa matamshi yake ya Galilaya. Watu wa Yudea waliwacheka Wagalilaya kwa sababu walizichanganya sauti za kooni. Katika Talmudi ya Wayahudi imo hadithi ya Mgalilaya aliyekuwa akiuliza ni nani mwenye "amar". Wakamjibu kwa dhihaka: Wataka punda wa kupanda, au divai ya kunywa, au sufu ya kuvaa, au mwana-kondoo wa kuchinja? Kwani majina ya vitu hivyo vinne yalikaribiana sana kinywani mwake. Hapo palikuwa na kicheko tu. Lakini someni Waamuzi, sura ya 12. Kwenye vivuko vya Yordani watu wa Gileadi waliwapima wakimbizi wa Efraimu kwa neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kutamka sh, akatoa s, aliuawa papo hapo. Hesabu ya Waefraimu waliokufa katika vita ile ni 42,000, nao wote wawili, wauaji na wauawa, walikuwa wana wa Israeli.

Sisemi tusisahihishane. Kula na kura ni maneno mawili, na mtoto wa shule sharti afundishwe, maana akiandika moja mahali pa jingine hataeleweka. Ila mimi nafanya hivi nyumbani: neno likipoteza maana, namwita mtoto kando na kumwambia, akisema "mtele" kama bibi yake, namwacha, kwani wali utapikwa ule ule.

Jumatano iliyopita nalikwenda na mke wangu kwa yule mama. Nikamwambia waziwazi ya kwamba nami nalimcheka. Akanyamaza kitambo, akaendelea kuchambua mchicha wake. Kisha akasema, "Baba, nalikuona. Nitasoma tena, ila siku hiyo wewe uketi mbele, na mikono yako uiweke magotini."

Nimekubali.