Kwenye mteremko, moteri inayonyamaza ndiyo ya kuogopa

Gari ndogo imejaa. Mbele wamekaa wawili kando ya dereva, nyuma wanne na watoto juu ya magoti, na juu ya paa kuna magodoro, sufuria na bidoni zilizofungwa kwa kamba. Inafika pale barabara inapoanza kushuka kuelekea bonde la Ruzizi. Dereva anatoa vitesi, moteri inanyamaza, gari inateremka yenyewe. Ndani watu wanapumua. Kelele imekwisha, upepo unaingia dirishani, na kuna anayesema kwamba dereva huyu anajua kutunza gari.

Kumbe hapo ndipo hatari inapoanza. Kutoa vitesi kwenye mteremko hakuokoi esansi katika magari mengi yanayobeba watu siku hizi. Tena kunawanyang'anya abiria freni ya kwanza ya gari, yaani moteri yenyewe. Ni desturi inayofaa kuachwa, na abiria wana sehemu yao katika kuiacha.

Njia ya Bukavu kwenda Uvira inaonyesha jambo hili vizuri. Ziwa Kivu liko karibu metri 1,460 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika karibu metri 770. Gari inayopita Ngomo kwenye barabara ya taifa namba 5, na ile inayozunguka upande wa Rwanda kupitia lami ya Bugarama, zote zinapaswa kushuka kutoka nchi ya juu hadi bondeni. Hakuna njia ya kukwepa mteremko huo. Kinachobaki ni kuchagua kitakachoshika gari wakati wa kushuka.

Madereva hawafanyi hivi kwa ujinga. Wengi wanaendesha gari ya mtu mwingine, na jioni patroni anangoja verseman yake hata kama siku ilikuwa mbaya. Esansi ya makadhafi wa kando ya barabara inapanda bei kila njia inapofungwa. Dereva anayebakiza nusu lita anajiona amepata mkate wa watoto. Isitoshe, desturi hii ilikuwa na ukweli kidogo zamani. Magari ya kale yalikuwa na karabureta, na karabureta iliendelea kupitisha esansi kadiri moteri ilivyozunguka, hata dereva akiwa ameinua mguu. Kwa gari ile, kutoa vitesi kuliweza kubakiza matone machache. Waliojifunza kazi kwa wazee wa wakati ule waliirithi hesabu hiyo, nao wakawafundisha makonvoyeri wao.

Lakini gari zimebadilika. Probox, Vitz na Corolla nyingi zinazofika zikiwa zimekwisha kutumika Japani hazina karabureta. Zina injeksheni inayoongozwa na kompyuta ndogo. Gari ikiwa ndani ya vitesi na dereva akainua mguu kabisa kwenye mteremko, kompyuta inaona kwamba magurudumu ndiyo yanayozungusha moteri, basi inafunga esansi. Haiingii hata tone. Dereva akitoa vitesi, magurudumu hayaizungushi tena moteri, na kompyuta inalazimika kuipa esansi ili isizimike. Moteri ndogo inayozunguka bila kufanya kazi inakula karibu nusu lita hadi lita moja kwa saa. Kwa mteremko wa dakika ishirini si nyingi, lakini ni zaidi ya sifuri. Yule anayeamini anaokoa ndiye anayetumia.

Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuzima ufunguo kabisa. Hilo ni baya kuliko yote. Freni za gari ndogo zinasaidiwa na nguvu ya kuvuta hewa inayotoka kwenye moteri. Moteri ikizimwa, msaada uliobaki unatosha kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama ubao. Volani nayo inakuwa nzito, na ufunguo ukirudishwa hadi mwisho, kwenye magari mengi volani inaweza kujifunga. Hapo gari iliyojaa watu inashuka bila kitu cha kuiongoza.

Hata moteri ikiwa inawaka, gari iliyotolewa vitesi inabaki na freni peke yake. Freni haifuti mwendo, inaugeuza kuwa joto. Tuseme gari na mizigo yake ina uzito wa tani moja na nusu, nayo inashuka metri 500 kwenda chini. Nguvu inayopaswa kuondolewa njiani ingetosha kuchemsha bidoni nzima ya maji ya lita 20. Mama yeyote aliyepika kwa makaa katika kambi anajua ni moto kiasi gani unahitajika kwa bidoni moja. Sehemu ya nguvu hiyo inachukuliwa na upepo na mipira, lakini iliyo kubwa inaingia katika vyuma vichache vya freni vilivyo nyuma ya magurudumu. Vikipata moto sana, freni hazishiki tena. Mafuta ya freni yakiwa ya zamani na yameingiwa na maji, yanaweza kuchemka. Hapo dereva anakanyaga na pedali inazama mpaka chini.

Wasafiri wengi wa njia za milima wanaijua harufu inayotangulia, harufu kali kama ya kitu cha plastiki kinachoungua. Mara nyingi konvoyeri anasema ni kawaida, kisha kwenye kijito kinachofuata anamwaga maji juu ya gurudumu. Maji ya baridi juu ya chuma chenye moto yanaweza kukipasua au kukipinda. Harufu ile inamtaka dereva asimame mahali salama, angoje freni zipoe zenyewe, kisha aendelee kwa vitesi ya chini zaidi.

Kwa nini basi dereva mwenye uzoefu anakataa kushuka kwa vitesi ya pili? Sababu ni sauti. Moteri inalia, abiria wanalalamika, na patroni akiwa ndani anadhani gari yake inaharibiwa. Hapo inafaa kuangalia hesabu, kwa sababu kilio hicho kinatisha kuliko kinavyodhuru.

Gurudumu la gari ndogo likizunguka mara moja, gari inasogea karibu metri 1.8. Kwa mwendo wa kilometri 40 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara 370 kwa dakika. Vitesi ndiyo inayoamua moteri izunguke mara ngapi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Katika gari ndogo ya vitesi tano, kwa mwendo huohuo wa 40, vitesi ya tano inaifanya moteri izunguke karibu mara 1,250 kwa dakika, ya tatu karibu 2,000, na ya pili karibu 2,900. Katika magari mengi ya namna hii, sehemu nyekundu kwenye saa ya mizunguko inaanza juu ya 6,000. Kwa hiyo moteri inayolia kwa vitesi ya pili kwenye mteremko haijafika hata nusu ya kile ilichotengenezewa. Tena inazunguka bila kuchoma esansi. Mizunguko hiyo ndiyo inayoshika gari.

Saa hiyohiyo inaeleza mambo ya tambarare. Baada ya Kamanyola, kupitia Luvungi, Luberizi na Sange hadi Kiliba, nchi imelala, na kwenye sehemu zenye lami nzuri madereva wanakimbiza. Kwa kilometri 100 kwa saa, gari ndogo iliyo katika vitesi ya tano inazungusha moteri zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Abiria waliozoea gari kubwa wanadhani imekasirika. Hapana, imeundwa hivyo. Moteri ya lita moja au zaidi kidogo haina nguvu nyingi, basi watengenezaji wameipa vitesi fupi ili iweze kuvuta. Dereva anayetia vitesi ya tano mapema, wakati gari imejaa na inakwenda 40, ili tu kelele ipungue, anailazimisha moteri kubeba mzigo bila pumzi. Anakanyaga mpaka chini, gari inatetemeka, moteri inagonga, na esansi inakwenda bila faida.

Anayetaka kweli kuokoa esansi ataipata hapa kwenye tambarare, kwa kupunguza mwendo. Upepo unaosukuma gari nyuma kwa kilometri 100 kwa saa una nguvu mara moja na nusu kuliko ule wa kilometri 80, na mizigo ya juu ya paa inaongeza ubishi huo. Katika kilometri 40 za barabara nzuri, mwenye kwenda 100 anatumia dakika 24, mwenye kwenda 80 anatumia dakika 30. Dakika sita ndizo zinazonunuliwa kwa esansi ile, na kwa hatari ya mbuzi, baiskeli na wanafunzi walio kando ya barabara.

Kuna wanaojibu kwamba gari zao ni otomatiki, hazina vitesi za kuchagua. Zinazo. Kando ya herufi D kuna 2 na L, na kwenye nyingine kuna 3 au S au B. Zimewekwa kwa ajili ya milima. Katika Corolla nyingi za zamani na gari zinazofanana nazo kuna kifungo kidogo chenye maandishi O/D. Kikibonyezwa, taa ya "O/D OFF" inawaka na gari inaacha kutumia vitesi ya juu kabisa. Taa hiyo ikiwaka bila kupepesa si ugonjwa, na hakuna haja ya kuikimbiza kwa fundi. Kwa gari ya otomatiki, kushuka na N kuna ubaya mwingine pia: pampu inayolainisha sanduku la vitesi inazungushwa na moteri, na moteri ikizimwa gari ikiwa mbioni, sanduku zima linasagika kavu. Bei ya sanduku hilo inamaliza esansi yote iliyodhaniwa kuokolewa kwa miaka.

Kanuni ya wazee wa malori inabaki nzuri: vitesi inayohitajika kupanda mlima ndiyo ya kuushukia. Inawekwa kabla mteremko haujaanza, gari ikiwa bado taratibu. Kutoka vitesi ya tano hadi ya kwanza kwa ghafla katikati ya mteremko kunaweza kuvunja vyuma na kufanya magurudumu yateleze, hasa wakati wa mvua. Freni zinabaki kwa kugusa na kuachia, si kwa kukanyagia kutoka juu mpaka chini.

Lakini si haki kumwachia dereva mzigo wote. Patroni anayedai verseman ileile siku ya mvua na siku ya jua, na anayepima uzuri wa dereva kwa chupa za esansi, ndiye anayemfundisha kutoa vitesi. Akitaka gari yake idumu, abadilishe mafuta ya freni na vitambaa vyake kabla havijaisha. Mashirika ya madereva yanaweza kufundisha jambo hili kwenye parkingi kwa nusu saa, bila mradi wala wafadhili. Na polisi wa barabarani wanaosimamisha gari kwa ajili ya hati wangeweza kuangalia pia idadi ya watu na mzigo wa juu, kwa sababu kila mtu wa ziada anaongeza joto kwenye freni zilezile.

Familia zilizohama makwao ndizo zinazopanda gari hizi zikiwa na vitu vyote vilivyobaki, mara nyingi kwa haraka, bila nafasi ya kuchagua gari wala dereva. Mtu aliyetembea siku mbili na watoto hana hamu ya kubishana na aliyemkubalia nafasi. Hata hivyo, masikio yake hayahitaji pesa. Gari ikianza kushuka na moteri ikapandisha sauti, asilalamike, maana dereva anafanya kazi yake. Gari ikianza kushuka na ukimya ukaingia, hapo aseme mapema, kwa heshima, kabla mwendo haujakuwa mkubwa: "Papa dereva, tunaomba urudishe vitesi, tuna watoto."

Abiria mmoja akisema peke yake, dereva anaweza kumwona msumbufu. Wakisema wote wanane, atarudisha.