Mistari mbili kwa permi, bila hata franka moja

Vijana wa inchi, wakaaji wa miji na wa vijiji,

Mutu akipata aksida kwenye barabara ya Likasi, ya Kasumbalesa ao ya Butembo, wote tunajua namna gani jamaa inapata habari. Haitoke kwa polisi. Haitoke kwa hospitali. Inatoka kwa picha ya WhatsApp: mutu amelala chini, damu kwenye uso, na maneno "mwenye anamujua atujulishe". Muzazi anafungua simu, anakuta mutoto wake. Simu ya mwenye aliumia iko na kode, haifunguke, ao tayari iko mikononi mwa mwizi. Na mara nyingi hospitali inangoja mutu wa kulipa mbele ya kuanza kazi. Dakika zenye zinapotea pale, njo zinaua.

Sisi tunadai kitu kimoja kidogo: kila permi ya kuendesha iungane na majina mbili na namba mbili za watu wa kuita wakati wa hatari. Si ndoto. Kule Florida, Marekani, mama mumoja alifiwa na binti yake katika aksida mwaka wa 2005, akakaa masaa mingi bila kuambiwa. Hakunyamaza. Tangu 2006 kila dereva wa kule anaweza kuandika watu wake katika faili ya permi, na halipi kitu.

Tunajua swali ya kwanza ya biro: "Ile itagarimu ngapi?" Tujibu basi.

SMS moja inabeba herufi 160. Majina mbili na namba mbili zinaingia mule. Hata tukihesabu madereva milioni 1, ile yote inafika megabaiti 160. Simu ya bei ya chini yenye iko mufukoni mwako inaibeba. Ni kweli, kuko kazi ingine: kuingiza habari, kuweka mutu wa kujibu polisi ya barabarani usiku na muchana, kulinda faili. Ile kazi iko na bei, hatukatae. Lakini dereva tayari analipa permi. Ile feza ifanye kazi yake.

Bei yenye inatuogopesha ni ingine: desturi ya Leta ya kugeuza kila karatasi kuwa duka. Paspoti ya biometriki ya mwaka wa 2015 ilikuwa dola 185. Mwaka wa 2017 shirika la habari Reuters lilionyesha kama serikali ilikuwa inabakia na 65 tu, na 60 zinaenda kwa kampuni moja ya Falme za Kiarabu. Mwaka wa 2020 wakaleta RAM, wakakata yunite zetu mpaka dola 7 kwa mwaka kwa mwenye simu ya 3G ao 4G, eti ni kutulinda. Raia walipiga kelele, ikaondolewa mwaka wa 2022. Kisha karte ya kitambulisho: mukataba wa dola bilioni 1.2 katika 2023, ukavunjwa katika 2024. Wengi wetu tunatembea bado na karte ya muchaguzi.

Kwa hiyo, wakitujia na "permi mupya ya kisasa" yenye bei mupya, tutasema hapana. Motari mwenye anaendesha bila permi hayuko wazimu, anafanya hesabu ya chakula cha watoto. Ukiongeza bei, wenye permi watapunguka, na wale wenye wanaanguka kila siku watabaki inje. Ile itakuwa huduma ya kuokoa nani?

Tena kuko bei yenye haihesabiwe kwa dola. Mwaka wa 2025 Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa M23. Biro ikibadilisha bwana, faili zinabaki ndani. Liste ya watu wenye unapenda, mikononi mwa mubaya, ni liste ya watu wa kutisha na wa kuteka. Juu ya ile tunadai:

1. Iwe ya hiari na ya bure. Artikle 174 ya Katiba inasema kodi inawekwa na sheria peke yake. Hakuna takse ya barua ya waziri.

2. Majina mbili, namba mbili, basi. Hakuna kabila, hakuna anwani, hakuna kazi. Na mwenye anataka kufuta jina, afute siku ile ile.

3. Faili ifunguliwe kwa aksida tu, na kila mwenye ameifungua aache jina lake. Polisi mwenye ataita mama ya mutu kumuomba makuta, ahukumiwe.

4. Karte ya kitambulisho ikikuja, iwe na mistari ile ile, juu abiria wa moto na mama wa soko hawana permi.

5. Kazi itangazwe wazi, mukataba usomwe na wote. Kati yetu kuko wenye walimaliza informatike na wanauza yunite kandokando ya barabara. Wanajua kuandika ile programu.

Wamoja watasema: kila mutu aandike namba kwenye karatasi. Tuandike, ndiyo! Leo hii, weka namba ya mutu wako pahali inaonekana hata kama simu yako imefungwa. Ambia na motari wako. Lakini karatasi inalowa, simu inaibwa, na Leta yenye inatukusanyia kodi kila asubuhi haiwezi kutuachia kazi yake yote.

Kopi ya ile tangazo peleka kwa mubunge wako na umuulize mbele ya watu: mistari mbili, bure, ndiyo ao hapana? Jibu yake, tutumie. Tutaitangaza hapa, na jina lake.