Lenzi ya Chama: Zumu Moja Ghali au Praimu Mbili?

Wengi wenu mmeshasikia pendekezo lililo mezani: fungu lote la vifaa la mwaka huu liende kwenye lenzi moja, zumu ya Canon ya milimita 24 hadi 70 yenye f/2.8, ili kamera ya chama isihitaji lenzi nyingine tena. Sisi tunaoishika kamera hiyo kwa zamu hatukubaliani nalo, ingawa tunaelewa limetoka wapi.

Kwa wasioijua lugha ya mafundi: zumu ni lenzi inayovuta karibu na kurudisha mbali kwa kuzungusha pete yake. Praimu ina urefu mmoja tu. Ukitaka karibu, usogee wewe.

Tuipe zumu haki yake kwanza. Zamani praimu zilisifiwa kwa sababu picha zake zilitoka kali zaidi. Hoja hiyo imekufa. Nikon ilitoa zumu yake ya 14 hadi 24 mwaka 2007, Canon ikatoa toleo la pili la 24 hadi 70 mwaka 2012, na tangu hapo mpigapicha anayekataa zumu nzuri kwa sababu ya ukali anabishana na mambo ya jana. Tuwekeeni picha mbili zilizopigwa mchana kwa f/5.6, moja ya zumu ya bei na moja ya praimu; hatutaapa ipi ni ipi.

Wala hatununui ile hadithi kwamba praimu humfundisha mtu kutembea, ndiyo maana ni bora. Wanaoipenda humtaja Henri Cartier-Bresson na lenzi yake ya milimita 50. Sawa, lakini zumu ya kwanza ya kamera za picha za filamu ya milimita 35, Zoomar ya Voigtländer, ilitoka 1959, na kufikia hapo bwana yule alikuwa bingwa zamani. Hakuwa na zumu ya kuikataa. Halafu kuna mahali hapatembeleki. Kwenye nikaha huwezi kukatiza mbele ya shehe ili upate uso wa bwana harusi. Pale mwenye zumu anazungusha pete na kutulia.

Basi ugomvi wetu uko wapi? Uko kwenye mwanga, na kwa chama hiki mwanga si jambo dogo.

Huku kaskazini mwa Marekani, Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Futari, usiku wa taarab, usiku wa mashairi, karibu kila kitu chetu hufanyika ukumbi wa chini, chini ya taa hafifu za manjano ambazo hakuna aliyezifunga akiwafikiria wapigapicha. Tukitaka kusimamisha mikono ya wachezaji kwa 1/250 ya sekunde, f/2.8 hutulazimisha kupandisha ISO hadi 12,800. Kwa praimu ya f/1.8 unaingia mwanga karibu mara mbili na nusu, na ISO inashuka hadi kama 5,000. Mtu atasema zumu hiyo ina kitulizi cha mtikisiko. Ni kweli, lakini kinatuliza mkono wa mpigaji, hakimtulizi anayecheza.

Tofauti ya namba hizo hailingani kwa ngozi zote. ISO ikipanda, chenga huanzia kwenye sehemu zenye giza za picha, na sehemu hizo ndizo nyuso zetu. Ongezeeni na kanzu. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba vyote kilichovielekea, vikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Wakisimama wazee watatu wamevaa kanzu nyeupe na kofia, kipimo kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, kanzu zinatoka na mikunjo yake yote na wenyewe hawana macho. Ukija kuzipandisha nyuso zile kwenye kompyuta, unapandisha na chenga zake. Fungueni albamu ya Iddi iliyopita, iliyopigwa kwa zumu iliyokuja na kamera, mtaona vitambaa vizuri sana. Bibi mmoja alituuliza kama ile picha ni yake au ya mwanawe. Kwa watu ambao jamaa zao wa Tanga, Mombasa na Bujumbura wanawaona kwa picha hizi tu, hilo linauma.

Zipo zumu zinazokaribia kuziba pengo hilo. Canon ilitoa 28 hadi 70 ya f/2 mwaka 2018, na hiyo kwa kweli inaweza kukaa mahali pa praimu tatu za kawaida. Uzito wake ni gramu 1,430 na ilitoka kwa dola 2,999. Arusi anayelipa mpigapicha wake atailipa hiyo pamoja na bega lake. Kamera yetu inashikwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mkono mwingine una sahani ya pilau. Na mama zetu, wakielekezewa mzinga wa namna ile, wanaacha kucheka na kuanza kujipanga kama wako studio.

Sasa hesabu, kwa bei zilizotangazwa lenzi zilipotoka. Zumu inayopendekezwa, 24 hadi 70 ya f/2.8: dola 2,299, gramu 900. Praimu ya 50 ya f/1.8: dola 199, gramu 160. Praimu ya 35 ya f/1.8: dola 499, gramu 305. Praimu mbili kwa pamoja hazifiki dola 700.

Kuna tutakachokikosa. Chama kina kamera moja, na wakati unabadilisha lenzi bi harusi ameshakata keki. Kwa f/1.8 pia, watu wawili wasiosimama mstari mmoja hawatatoka wote wazi. Picha ya kundi itabidi turudi f/5.6 na kuwasogeza karibu na taa. Na mahafali ya Mei, uwanjani, jua kali, watu mbali, ni kazi ya zumu. Kwa siku hiyo tutaikodi.

Kinachobaki kwenye fungu kitoshe taa mbili za kusimama za ukumbini, ambazo hata simu zenu zitazishukuru.

Kura ni Ijumaa, baada ya mazungumzo ya Kiswahili. Tumeazima praimu ya 50 na tutakuja na kamera, tena ukumbi wa chini, taa zilezile. Atakayeweza aje na kanzu.