Ukihamishiwa Mgeta, panda na mtoto wako

Mtumishi akishapata barua ya kuhamishiwa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, kabla hata ya kutafuta nyumba anamtafutia mtoto bweni Morogoro mjini. Wataalamu wa viumbe huifananisha misitu ya Uluguru na visiwa, kwa mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Watumishi wetu nao wameifanya Mgeta kisiwa cha kwenda peke yako, ukihesabu siku za kurudi bara. Waulize sababu: "Huku juu hakuna shule."

Shule zipo, Nyandira, Langali, Bunduki. Isiyokuwepo ni ile ya kulipia, yenye basi la njano na Kiingereza tangu chekechea.

Wanachokiabudu ni wastani wa ufaulu. Lakini shule inayochuja watoto kwa usaili mlangoni, kisha ikamkaririsha au kumhamisha anayeshusha wastani, itakosaje kung'ara? Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Wazazi wanaendelea kuzitangaza wao WhatsApp. Na wazazi haohao ndio wanaoomba usiku na mchana mtoto achaguliwe Kilakala, chini ya mlima huuhuu, au Mzumbe, jirani na njia ya kupandia Mgeta. Zote mbili ni za serikali.

Hilo bweni lenyewe, tangu Machi 2023 Kamishna wa Elimu amelizuia kwa walio chini ya darasa la tano. Basi mtoto wa darasa la pili anaachwa kwa shangazi, anamwona baba mshahara ukitoka.

Hoja ya Kiingereza ina uzito. Kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inageuka ghafla, na wengi wanayumba. Lakini anayeweza kumwandaa mtoto kwa hilo ni mzazi aliyesoma, mwenye vitabu nyumbani, wa kukaa naye jioni. Ndiye huyo aliyemwacha mjini. Na asidhani Kiswahili kinadumaza akili. Gulio la Nyandira utamkuta mtoto wa darasa la tano anamkatalia dalali lumbesa ya karoti: ametoa ushuru, ametoa nauli ya Fuso, yote kichwani, dalali bado anabonyeza simu. (Ndiyo, saa hiyo alitakiwa awe darasani. Kamati ya shule ina kazi.)

Kamati hiyo ndiyo inayowakosa watumishi hao. Hata mwalimu aliyepangiwa huku, mwanawe akisoma mjini, upungufu wa walimu unakuwa shida ya wakulima. Wakulima wanauliza mkutanoni ruzuku ya elimu bila malipo, iliyoanza 2016, imefanya nini, na pengo la mwalimu wa hisabati aliyehama litazibwa lini. Wanajibiwa juujuu. Swali hilohilo likiulizwa na mganga wa kituo cha afya au mtendaji wa kata, mwenye mtoto darasa la tatu palepale, mwalimu mkuu anafungua daftari.