Viti vifuate ukuta na kivuli

Ushauri wa kuweka meza katikati ya veranda na kuizungushia viti unapendeza pichani, lakini unasahau jua na njia ya kupita. Mabaraza ya mawe ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar yameegemezwa ukutani: mgongo unapata pa kuegemea, mlango unabaki wazi, na anayepita hamwinui aliyekaa. Atakayesema kukaa mstari mmoja kunaua mazungumzo ana hoja, ila kwenye daka la Lamu, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, viti viko pande mbili za mlango na watu hutazamana. Kwa viti vya kuhamishika, kona ya kuta mbili yatosha. Veranda ikielekea magharibi, visogezwe kivulini mapema. Jua la alasiri halina adabu.