Feng shui ya bedsita: anza na dirisha, chura baadaye

Ukisema unatoka Mulot, mtu wa Nairobi anashika simu yake kwanza. Jina letu limechafuka kwa mambo ya laini za simu, tumezoea. Lakini leo naongelea uchafu mwingine: ule ulio chini ya kitanda chako.

Siku hizi mtandaoni kila mtu ni mtaalamu wa feng shui. Unaambiwa uning'inize kengele ya upepo, uweke chura wa miguu mitatu karibu na mlango, eti pesa itaingia. Usichoambiwa ni kwamba maneno hayo ya Kichina maana yake ni upepo na maji tu.

Na tusijifanye hayo ni mageni. Wachina hufagia nyumba kabla ya mwaka wao mpya, halafu siku yenyewe hawashiki ufagio wasije wakafagia bahati. Sasa nyanya yako alikwambia nini kuhusu kufagia usiku? Si utafukuza baraka? Wakipsigis wa zamani nao walikuwa na mabwaita, madhabahu ya familia, nje ya nyumba upande wa mashariki jua linakochomoza. Kupanga boma kwa kufuata mwelekeo hatukufundishwa na TikTok.

Msimamo wangu: chukua upepo na maji, chura mwachie mwenye duka.

Tuanze na upepo. Bedsita nyingi ni chumba kimoja, dirisha moja, na dirisha lenyewe limezibwa na kabati. Baridi ya Julai ikikaza, mtu anaingiza jiko la makaa ndani, anafunga kila kitu, analala. Makaa hayo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Haikuamshi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala hivyo na hawakuamka. Kwa hivyo sogeza kabati, fungua dirisha, na jiko lilale nje. Hiyo peke yake inashinda kengele zote.

Maji sasa. Wazungu husafisha nyumba baridi yao ikiisha. Sisi saa yetu ni Februari, kabla masika haijaanza Machi. Angalia mabati yanayovuja. Toa makopo, matairi na ndoo zilizopasuka nyuma ya nyumba, kwa sababu maji yakituama mbu wanazaa. Usidhani baridi ya huku inatukinga: miaka ya 1990 malaria ililipuka hadi kwenye mashamba ya chai ya Kericho.

Najua utasema chumba ni cha mwenye ploti, utapanga nini? Mwenye ploti hajakuwekea chaja sita zilizokufa na viatu vya fomu tuu. Kitu ambacho hujakigusa tangu masika ya mwaka jana, mpe anayekihitaji au kitupe. Na nyinyi vijana wa kiume mnaongoja dada aje kuwatembelea ndiyo chumba kidekiwe, acheni hayo. Ndoo mnayo, sabuni ni ya bei ya soda.

Kitanda je? Feng shui inakataza kulala miguu ikielekea mlango. Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, lala unavyotoshea. Bora dirisha lifunguke.